Msimamizi Aliyeniogopa Juu ya Paa

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa juu ya paa la ghorofa, hapahapa Stockholm, theluji imelala kwenye bati, na mtu niliyedhani ananilinda ananichekea tu. Mwanangu, wewe uliyepewa watu wa kuwasimamia, kaa nikusimulie. Shule niliiacha mapema, maneno makubwa siyajui, lakini hofu naijua. Nimeishi nayo nyumba moja.

Enzi hizo nilikuwa kijana, nimetoka Burundi, kazi yangu kuondoa theluji mapaani isije ikawaangukia wapita njia. Unafunga mkanda kiunoni, kamba inashikizwa kwenye bomba la moshi, unasukuma kwa beleshi. Chini barabarani anasimama mwenzako na firimbi, anazuia watu. Msimamizi wetu alikuwa Dezire, Mkongo wa Uvira, mtu mpole, mwimbaji wa kwaya. Shida ni moja: Dezire alikuwa anamposa dada yangu Odeta. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo wa kusema ndiyo au hapana nilikuwa mimi. Unaona mambo hayo? Kazini yeye mkubwa wangu, nyumbani mimi mkubwa wake. Kila Jumapili alikuja kwetu Vårby gård na maandazi. Tuyaache maandazi, ingawa yalikuwa matamu.

Mimi kamba nilikuwa naiacha ndefu. Nilipenda kutembea kwa raha, sikutaka kuvutwa kama mbuzi. Hakuna aliyenieleza kwamba kamba ndefu hukushika ukiwa umeshapita ukingo. Dezire alikuwa akinitazama, anatabasamu: "Muzuri sana, shemeji. Muzuri sana." Wengine aliwakaripia, mimi, asali tupu. Nikavimba kichwa. Siku nyingine akanisogelea: "Shemeji, wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari." Nikamjibu, "Kweli kabisa, mwambie yule mgeni pale." Nilidhani anamsema mwingine.

Basi asubuhi ile theluji ilikuwa nzito, imeanza kulowa. Nikasikia bati linanguruma chini ya viatu. Theluji yote ikaanza kutembea, nami juu yake. Nikatupa beleshi, nikakwaruza bati kwa kucha. Firimbi inalia chini. Miguu ikapita ukingo, ikaning'inia hewani, na kati ya viatu vyangu nikamwona mama amesimama na kigari cha mtoto, wadogo kama punje za maharagwe. Watu husimulia kwamba saa hiyo mtu huomba. Mimi sikuomba, mwanangu.

Kamba ikakaza. Dezire alikuwa amejitupa juu yake kwa tumbo. Akanivuta mpaka kwenye bomba la moshi, tukakaa tunahema.

"Kamba yako ni ndefu," akasema. "Kila siku ni ndefu."

"Kila siku? Uliona tangu lini?"

"Tangu ulipoanza."

"Na ukaninyamazia!"

"Niliogopa. Nikikukaripia, utasema kwenu mimi ni mutu mubaya. Mutaninyima Odeta."

"Kwa hiyo ulitaka umwoe akiwa kwenye matanga yangu?"

Akafumba macho. Hapo ndipo hofu yenyewe iliponiingia. Kuteleza ni kuteleza, hata mbuzi wa milimani huteleza. Lakini kujua kwamba mtu aliniona nikikisogelea kifo kila asubuhi, akaniambia muzuri! Nikaanza kuyapima maneno yote matamu niliyowahi kuambiwa na watu. Hadi leo mtu akinisifu haraka haraka, naangalia kwanza miguu yangu imekanyaga wapi.

Dezire akainuka. Akaishika kamba, akaifupisha polepole. "Angalia mikono yangu. Iishie hapa, isikufikishe ukingoni. Sasa shuka. Haupandi tena mpaka uifunge mwenyewe nikiona."

Aibu ikanichoma. "Dezire, mahari itapanda!"

"Ipande," akasema. "Wewe shuka."

Nikashuka nimenuna. Nyumbani nikamweleza Odeta yote, nikitegemea atanitetea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo wa leo nitaolewa naye. Yule wa jana ningemkataa."

Sasa nasikia vijana wetu wa mitaa ya Skärholmen na Akalla ni wasimamizi, wa usafi, wa jikoni, wa nyumba za wazee, na wanaogopa kumsahihisha mtu kwa kuwa ni shangazi, au wanasali kanisa moja. Hofu hiyo siidharau. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwenye kosa mwite pembeni mapema, kosa likiwa bado changa. Usimzungushe kwa methali kama nifanyavyo mimi. Mtu aliye kazini ataidhani ni ya jirani. Mwambie ulichokiona kwa macho, siyo unachomdhania. Iseme kazi yake, usiuseme ukoo wake. Mwonyeshe inavyofanywa, kisha msikilize, huenda kuna usilolijua. Akifanya vyema msifu, ila sifa isiwe blanketi la kufunikia kosa. Na ukiogopa, sema huku unaogopa. Sauti kutetemeka si dhambi. Atakununia. Mwache anune, mwanangu. Anayenuna anapumua.

Nenda. Mungu akupe ulimi wa kweli na moyo wa huruma, na wote waliowekwa chini ya mkono wako warudi kwa watoto wao wakiwa wazima. Amina.