Kamba Mbili za Mwani wa Bi Tatu

Naomba mnicheke mara moja mmalize, maana mwenzenu nina aibu ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu naoga, naguna kwa sauti mpaka wapangaji wenzangu hapa Mabawa, Tanga, wanauliza kulikoni.

Tulikwenda kijiji cha Moa kuposa. Nikisema tulikwenda, hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu kwa desturi yetu mposaji haendi. Wanakwenda wazee, yeye anakaa kwao anangoja jibu. Mimi nilimng'ang'ania Mjomba Sefu mpaka akakubali tufuatane, kwa sharti kwamba tutalala kwa rafiki yake, na asubuhi wazee wakienda kwa kina Mwanahamisi, mimi nijifungie ndani. (Mwanahamisi tulijuana mjini Tanga alipokuwa akijifunza ushonaji, kwao hakuna aliyewahi kuniona sura.) "Wasikuone hata kivuli," mjomba aliniambia. "Mposaji anayezurura mtaa wa mkwewe hana haya." Nikaitikia ndiyo mjomba, ndiyo mjomba.

Sasa, mimi ni mtu wa mbio, mnanijua. Asubuhi ile ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, masika yameisha, kijiupepo cha baridi kinapita, na dirishani niliona bahari imekupwa mpaka huko mbali, mchanga umelala mgumu, haujakanyagwa na mtu. Nikajiambia nusu saa tu, nani ataniona? Nikavaa raba na kaptula yangu ya mbio (ile fupi, ndiyo, ile ile), nikatokea mlango wa uani.

Na raha niliipata, siwezi kukana. Nilikimbia mahali ambapo jioni iliyopita palikuwa na maji ya kumzamisha mtu, naruka vidimbwi, kaa wanakimbilia mashimoni, nazunguka kila kona ya mikoko nione nyuma yake kuna nini, na nyuma yake kuna ufukwe mwingine, basi nakwenda tu kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka madrasa. Nusu saa ikapita, sijui ilipitia wapi.

Kona ya mwisho ndipo nikawakuta wanawake, kumi hivi, wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Mtu mwenye akili angesimama, akaamkia, akapita zake. Mimi nikakumbuka kaptula, nikakumbuka mjomba, nikaona heri nikate katikati ya mashamba kwa kasi kabla hawajainua vichwa. Maji yalikuwa ya vifundoni, kamba za mwani zilizotandazwa kwenye vigingi sikuziona. Ya kwanza ikanikamata mguu, vigingi vikang'oka, nikaanguka kifudifudi nikang'oa na ya pili, na nilipoinuka, badala ya kusema samahani, nikatimua mbio, kamba na mwani wake vikinifuata nyuma.

Kumbe wiki ile walikuwa wameibiwa.

"Mwizi wa mwani! Mshikeni huyo!"

Jamani, wanawake wale wanalijua tope lao. Mimi na raba zangu nilizama mpaka magotini chini ya mikoko, wao miguu mitupu wakanifikia wala hawahemi. Mbele yao mama mmoja wa makamo, kanga kaifunga kibwebwe, ndiye mwenye kamba, wenzake wakimwita Bi Tatu.

"We mwana wa nani? Umefikia kwa nani?"

Nikitaja jina, posa imeharibika. Lakini mgeni asiyetaka kusema amefikia kwa nani, watu wamwite nani kama si mwizi? Wakanifunga mikono kwa kamba ileile, mwani unaning'inia, safari ikawa moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti alikuwa barazani kwake na wageni. Mmoja wao alikuwa anasema, kwa sauti ya taratibu kabisa, "Kijana wetu ni mtulivu, mzee mwenzangu, hana papara, wala mitaani hutamwona."

Alikuwa Mjomba Sefu.

Aliniona. Akakohoa, akainamia kikombe chake cha kahawa. Alikuwa ananipa nafasi! Ningenyamaza tu, ningepita kama mwizi asiye na jina na mazungumzo yangeendelea. Lakini nimelelewa kuamkia, na mtu akiwa na hofu mdomo unajiendea wenyewe kwenye njia uliyoizoea. "Shikamoo mzee," nikamwambia mwenyekiti. Kisha nikageuka kwa anayefuata: "Shikamoo mjomba."

Baraza zima likamtazama mjomba.

"Marahaba," akajibu (afanyeje?), na sijawahi kusikia marahaba nzito kama ile.

Bi Tatu akanitazama kuanzia raba zenye tope, akafika kwenye kaptula, akageuza uso. Kumbe mwenyekiti ndiye baba yake Mwanahamisi, na Bi Tatu ni dada yake, shangazi mtu. Na Mwanahamisi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kashika pazia. Afadhali angecheka. Aliinamisha kichwa akarudi ndani, na hapo ndipo aibu iliponiingia kweli, maana aibu yangu ningeibeba, lakini ile nilikuwa nimemvisha yeye mbele ya watu wa kwao.

Mjomba akataka kulipa. Bi Tatu akakataa. "Sitaki hela zenu. Kamba hizi nimezifunga kwa mgongo huu, naye atazifunga kwa mgongo wake. Mwani ukikomaa, ndipo mje na maneno yenu ya posa."

Basi sasa kila bamvua niko Moa, nimeinama katikati ya wanawake wanaoniita mwizi wetu, nafunga mwani, na Bi Tatu anapita nyuma yangu anavuta kila fundo, likilegea anasema fungua, anza tena. Juzi Mwanahamisi alipita na ndoo kichwani. "Pole na kazi," akasema, basi, akaenda. Nilirudi nayo hiyo pole mpaka Mabawa.

Mbio sijaziacha, siwadanganyi. Lakini nakimbia barabarani, na suruali ndefu, na nikikutana na mtu mzima nasimama, naamkia, nataja jina langu, la baba yangu, na nyumba niliyofikia, hata kama hajaniuliza.