Nilivyokula machicha ya kahawa kwa wakwe zetu, kisiwani Ugiriki

Wakuu, salaam kutoka Hamugembe. Hii siyo chai, ni kahawa tupu, na aliyeumbuka ni mimi mwenyewe.

Mdogo wangu Koku alichumbiwa na Mgiriki, Yorgo, kijana wa kisiwani.

Mzee wetu kule Ijumbi, Muleba, akanituma nikawaone wakwe, kwa vile mimi ndiye "msomi" wa familia. Akanifungia akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, ikiwa na maganda yake, kwenye jani kavu la mgomba.

"Wape. Wakitafuna, mtoto ni wao. Wakiitema, rudi naye."

Basi nikatua na suti ya sufu na tai. Julai, joto kali la kwao, wakuu!

Kijiji kiko ufukweni. Nyumba nyeupe pee, meza za mgahawa karibu ziingie majini, pweza wameanikwa kwenye kamba kama soksi. Watalii wako nusu uchi, mimi nachuruzika jasho. Mmoja akanidhania mhudumu, akaniuliza choo kiko wapi. Na confidence yangu yote, nikamwelekeza.

Jioni mimi na Koku tukaenda kwa mama yake Yorgo. Akanipa kahawa kwenye kikombe kidogo. Nikanywa, chini nikakuta machicha mazito.

Sasa kwetu kahawa ya mwenyeji hairudishwi. Nikaomba kijiko. Nikala yote, nikakwangua mpaka kikombe kikalia.

Koku ananikanyaga mguu, mimi nadhani ananipongeza.

Nikasimama na meno meusi, nikafungua lile jani na kutoa hotuba ndefu ya undugu kwa English ambayo mama wa watu haijui.

Akatia punje mdomoni. Akatafuna. Uso ukakunjamana, macho yakatafuta pa kutemea.

Niliogopa, wakuu. Ndoa ya Koku ilikuwa kwenye shavu la yule mama.

Akanitazama mimi na machicha yangu menoni. Akafumba macho, akameza.

Nje ndipo Koku akaniambia, huku analia kwa kucheka, kwamba machicha huachwa kikombeni. Nilitamani kutembea kwa miguu mpaka Bukoba.

Kesho yake nikampigia mzee.

"Walitema?"

"Hapana, tata. Mama mkwe alimeza."

"Na maganda?"

"Na maganda."

"Hata mimi maganda natema. Huyo mama anamtaka kweli mtoto wetu. Mwambie Koku aolewe."

Funzo: ugenini tazama kwanza wenzako wanafanyaje. Ila ningetazama, nahisi yule mama angetema.

Haya, nani mwingine ameshaaibika ukweni? Semeni, msiniache peke yangu.