Alama Ndani ya Jino la Donatien

Maman Adélaïde aliuza sombe, majani ya muhogo, katika soko la Kadutu mjini Bukavu. Alikuwa na maneno makali, lakini mkono wake haukuchoka kumwongezea mteja. Mtoto wake wa pekee, Donatien, alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Shimo likawafunika yeye na mwenzake Évariste.

Miaka ilipita, mvua ikafungua kile kilima, na mifupa ikaonekana. Wachimbaji hawakutaka mama yeyote aone matope juu ya mwanawe. Waliichemsha yote katika pipa moja, wakaisugua kwa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, wakaianika juani. Ilifika Bukavu ikiwa myeupe kabisa, ndani ya gunia jipya. Vichwa vilikuwa viwili, na hakuna aliyejua cha nani ni kipi.

Maman Yolande, mama wa Évariste, alitoka Walungu kuja kumlilia wake. Maman Adélaïde alikataa kukaa kilio.

"Sitalilia mutoto wa wengine," alisema. "Munionyeshe wangu kwanza."

Wakati huo daktari Anaclet, mtoto wa mtaa wetu, alikuwa amerudi likizo kutoka Ubelgiji. Alitueleza kwamba mwilini mna alama ndogo sana, ambazo mama humwachia mtoto wake. Aliposikia habari ya pipa, alijishika kichwa.

"Mulitia javeli? Javeli inakula zile alama! Na jasho ya mikono ya wachimbaji imejichanganya juu yake."

Hata hivyo alijaribu. Alichukua unga wa mifupa, jino moja kutoka kila kichwa, na damu ya wale mama wawili, avipeleke Ubelgiji kupimwa.

"Docteur, damu yangu itapanda ndege?"

"Itapanda, maman."

"Mimi hata Goma sijafika! Iniletee salamu."

Tulicheka, naye akacheka kidogo.

Jibu lilichukua muda mrefu. Anaclet alilileta mwenyewe, akatukuta uani kwa Maman Adélaïde, sisi na Maman Yolande, mbele ya lile gunia. Alisema unga wa mifupa ulitoa alama za watu wengi pamoja, kama sauti za sokoni. Lakini ndani ya meno, ambako javeli haikufika, walipata vipande vifupi vifupi, wakaviunganisha.

"Kichwa cha upande huu ni Donatien," alisema, akionyesha kimoja cha vile viwili.

"Umeonaje?"

"Alama ya mule ndani ya jino iko ile ile ya damu yako."

Nilimwona Maman Adélaïde akipitisha ulimi polepole juu ya meno yake mwenyewe.

"Basi chini ya udongo wote ule," akasema, "mimi nilikuwa mule pamoja naye?"

"Ulikuwa mule, maman."

Mimi ni fundi seremala, na mpaka leo sielewi jambo kubwa kama lile linakaa vipi ndani ya jino.

"Na mikono? Na miguu?" Maman Yolande aliuliza.

"Ile siwezi kuigawa."

Wale mama wawili wakatazamana. Kisha Maman Adélaïde akanigeukia.

"Papa Philémon, utuchongee sanduku moja. Likuwe pana."

Akaketi chini kwenye mkeka kando ya Maman Yolande, akaita jina la mtoto wake, akaanza kulia.