Siku Nilipoliua Duka la Dada Yangu

Nilisoma biashara madarasa ya jioni miaka miwili, nikatoka na silaha moja tu: kabla hujaanza jambo, jifanye limeshakufa, kisha uliza limekufa kwa nini. Mwalimu wetu alilisema hilo mara elfu tisa. Nikawa nalitumia kwa kila kitu, hata kununua soksi.

Dada yangu mkubwa alipokodi chumba Namuwongo, kule bondeni karibu na reli, ahamishie vyerehani vyake vinne, niliona wazi kwamba anakosea. Vyerehani hivyo ndiyo mali yake yote, ndivyo vinavyolisha wanawe watatu. Ningeweza kumwambia pembeni. Wapi. Nikangoja siku ya dua ya kufungua duka, shehe yupo, ubani unafuka, mashangazi wamejaa mpaka mlangoni. Nikasimama na karatasi.

“Tuseme mwaka umepita,” nikasema, “na duka hili limekufa. Limeuawa na nini? La kwanza, maji.”

Kwetu hutaji kifo cha kitu kinachoombewa uhai. Nalijua hilo tangu sina meno. Shehe akashusha mikono yake.

“Hebu rudia,” dada akasema.

“Ni mbinu tu, dada. Wasomi wanaitumia.”

“Wasomi gani? Wewe uliyemaliza shule na mvi kichwani? Unaniletea sanda kwenye pilau yangu?”

“Sina ubaya. Viinue tu hivyo vyerehani, viwe juu ya…”

“Toka, hasidi wee.”

Shangazi mmoja alinitoa kwa macho ambayo yangeivisha maharage mabichi. Nami sikunyamaza. Kuanzia Nakawa mpaka Kyebando hakuna kibanda ambacho sikuingia kumwita dada mjinga, naye akahakikisha ukoo mzima unaniita mchawi.

Mvua kubwa zikaja. Maji yakaingia madukani yakapita vifundo vya miguu. Muuza unga, jirani yake, hakuokoa gunia hata moja. Vyerehani vya dada vilikuwa vikavu, vimekaa juu ya matofali matatu matatu. Kumbe alivipandisha wiki ileile ya dua, kimya kimya.

Nikavaa shati safi nikaenda kupokea shukrani zangu. Nilimkuta mlangoni anasukuma tope kwa ufagio, majirani wote wako nje na makoleo yao. Aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa.

“Jamani,” akawaambia, “huyu ndiye aliyeyaita maji.”

Muuza unga akaacha kuchota tope. Akaanza kunijia, na koleo lake hakuliweka chini.