Nilifika kwa Mama Kavira Nimeshiba

Bosi wangu alinituma Butembo kutengeneza chumba cha baridi cha depo yake, kile anachohifadhia kuku na samaki wa barafu. Mama yangu naye alinituma Butembo, na kitunga cha samaki wa moshi. Kazi ya bosi ilikwenda vizuri, hata akanipigia simu kunisifu. Kazi ya mama ndiyo inayonifanya nikae chini kuwasimulia.

Wengi wenu hapa Kisangani hamkumjua Mama Kavira. Alikuja zamani na wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, akawa anauza maharagwe na chumvi sokoni. Meza yake iligusana na ya mama, na mama, mtoto wa wavuvi wa kwenye maporomoko, aliuza samaki. Mmoja akiugua, mwenzake aliuza kwenye meza zote mbili. Watu waliwaita mapacha, mmoja mrefu mmoja mfupi. Kisha papa, baba yangu, akafariki. Mama Kavira alikuwa Isangi kufuata bidhaa, boti ikachelewa, akafika tumeshazika. Alikuja matanga moja kwa moja kutoka mtoni, sufuria ya maharagwe kichwani. Mama, uchungu umemjaa, akamwambia mbele ya watu wote: "Rudisha chakula yako. Kwa hii nyumba hakuna mutu atakula."

Mama Kavira alijitwika sufuria yake ikiwa imejaa vilevile, akaondoka. Hawakusemeshana tena. Baadaye akarudi kwao milimani, na meza yake ikachukuliwa na muuza sabuni. Mama hakulizungumza jambo hilo hata siku moja, lakini hakuwahi kumpenda yule muuza sabuni.

Basi mama aliposikia naenda Butembo, alikaa siku nzima kwenye moshi akikausha ngolo wanene, wale kambare wa mtoni, akawapanga katika kitunga na kuwafunika kwa majani. "Peleka kwa Kavira," akasema. "Umuambie ni mimi nimetuma. Na ukae kwake kidogo, mutoto. Usipite tu kama mutu ya posta." Nikasema ndiyo, Mama. Ile "peleka" niliisikia vizuri. Ile "ukae" ilipita pembeni ya sikio.

Jumatatu asubuhi, Bangboka. Kitunga kilinuka hadi mlangoni pa uwanja wa ndege. Mzee mmoja wa makamo aliyekaa jirani yangu ndani ya ndege akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Ndugu, unasafiri na marehemu?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Chini yetu msitu ulikwenda bila kukatika, na nikamshukuru Mungu kwamba sipiti barabarani, maana barabara ile siku hizi mtu haipiti kwa raha.

Beni nilipokelewa na Paluku, dereva wa depo, kijana mpole mwenye koti zito. Mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi, mtu wa Kisangani nimezoea kutoka jasho hata nikiwa nimekaa. Gari lilipoanza kupanda nikaanza kutetemeka. "Fundi, huku kwetu koti tunalala nalo," Paluku akasema, akavua lake akanipa. Milima ilikuwa ya kijani, mashamba yameshonwa juu yake kama viraka, na mikaratusi mirefu imesimama kando ya njia.

Butembo, jamani, ni mji wa watu wasiokaa bure. Ghorofa za wafanyabiashara zimesimama hata pale ambapo njia yenyewe ni vumbi. Wanaume wanashuka mteremko juu ya chukudu, baiskeli za mbao zisizo na pedali, zimebebeshwa magunia ya viazi, na breki yao ni kiatu. Asubuhi ukungu unaingia hadi dukani. Paluku alinipandisha kilima kimoja akaapa kwamba mbingu ikiwa safi unaiona Ruwenzori na theluji yake. Nilikodoa macho nikaona mawingu tu. "Kesho itaonekana," akasema.

Kesho ndilo neno nililokula nalo wiki nzima. Kila siku chumba cha baridi kilinichukua asubuhi tu. Mchana nilikuwa huru, na mfukoni nina posho ya safari. Mimi tumbo langu mnalijua. Jumanne tulikula mbuzi wa kuchoma, ile tunayoita ntaba, na viazi vya kukaanga vikubwa kama vidole vya fundi mwashi. Jumatano tulikula jibini ya ng'ombe wa Lubero, nikarudia mara mbili nikiwa nacheka peke yangu kwa utamu. Alhamisi Paluku alinipeleka kwa mama mmoja anayepika kuku na ndizi nyuma ya karakana, na pale nilimwita mpishi nje ya jiko nimpe mkono.

Kila tukitoka kula, Paluku aliuliza, "Na ile kitunga, fundi?" Nami nilimjibu kesho, kesho. Sikuwa na kinyongo na Mama Kavira, jamani. Niliona tu kwamba samaki wa moshi haozi, na mbuzi wa kuchoma anapoa.

Ijumaa mchana. Meneja wa depo alitualika chakula cha kuagana. Nilikula mpaka nikafungua mkanda. Tulipotoka, Paluku akasema tunapaswa kuwahi Beni kabla jua halijachwea, usalama ndio huo. Ndipo nikakumbuka kitunga. Tukakimbia nacho hadi kwa Mama Kavira, nyumba ya matofali yenye ua wa maua, nyuma ya soko.

Alikuwa amezeeka, goti moja limevimba, lakini sauti ni ileile ya sokoni. "Ni mutoto ya Regina! Tangu Jumanne nilisikia kama kuko fundi ya Kisangani kwa depo. Nikasema ni yeye. Kila siku napika, nasema leo atakuja." Alifunua majani, akainamia samaki, akavuta pumzi. "Hii ni moshi ya kule," akasema, machozi yakamtoka huku anacheka. "Regina mwenyewe ndiye ametuma?"

"Ni yeye, Mama."

Aliinuka kwa shida, akakataa nisimsaidie, akarudi na sufuria na sahani moja. Alifunua. Maharagwe, yamepikwa kwa mawese kama tunavyopika sisi, si kama wao wa milimani. "Kula, mutoto."

Nami nikasema, kwa adabu zangu zote, "Ah, Mama, nimeshiba. Tumetoka kula sasa hivi."

Mkono wake ulisimama na kifuniko hewani. "Hata kijiko moja?"

"Kweli, Mama, tumbo imejaa. Na gari inaningoja."

Alinitazama kidogo, akatabasamu, akafunika sufuria polepole. "Bon. Haina shida." Akawatoa samaki katika kitunga, akaingia ndani, akakirudisha kimejaa maharagwe makavu. "Mama yako atapika yeye mwenyewe," akasema. Nikamshukuru sana, nikakimbilia gari.

Tukiteremka kuelekea Beni, Paluku akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia hapana, ningekula wapi tena? Alipinda kona mbili tatu. "Fundi, ungemeza hata tonge moja," akasema, akafungua redio.

Jumamosi nilitua Bangboka, na joto la nyumbani likanikumbatia. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Hakuniangalia mimi, aliangalia kitunga. Alipoona maharagwe, uso wake ulifunguka, nikamwona kama alivyokuwa papa angali hai.

"Alikupikia nini?"

"Maharagwe, Mama."

"Na mawese?"

"Na mawese."

"Alitia kitunguu mingi kama zamani?"

"Sijui, Mama. Sikuonja."

Mama aliweka kitunga chini. "Alikupakulia, ukakatala?"

"Sikukatala. Nilikuwa nimeshiba."

"Hata mimi siku ile ya matanga sikukatala sababu ya maharagwe," akasema. "Zefu, samaki ni kitu gani? Samaki iko sokoni kila siku. Nilituma mutu ya hii nyumba aende kula kwake. Ni mimi nilisema hakuna mutu atakula. Alors, nani angekula, kama si wewe?"

Nikatoa simu, nikamwambia nitampata Paluku, Paluku ampelekee Mama Kavira simu, waongee sasa hivi. Akanizuia kwa mkono. "Nitamuambia nini? Simu hailishi mutu." Baadaye nilimpigia Paluku mwenyewe, nikamwomba aniombee radhi. Alikwenda kweli, akarudisha jibu: Mama Kavira amesema haina shida. Maneno yaleyale, na mara ya kwanza aliyasema akifunika sufuria.

Nimerudi na koti la Paluku na ladha ya jibini. Kuhusu Butembo naweza kuwaambia wapi mbuzi ni laini na wapi viazi vinakaangwa vizuri. Nilichojifunza ni kidogo na kimenifika nimechelewa: mtu akitumwa kwenye nyumba ya watu, aende na njaa yake. Bosi hana safari nyingine ya kunipa huko, na goti la Mama Kavira halitapanda ndege.

Jumapili, tulipotoka misani, mama aliyapika yale maharagwe kwa mawese na vitunguu vingi. Akapakua sahani moja tu, akaiweka mbele yangu, akakaa kunitazama. Nilikula yote, nikafuta sahani kwa kipande cha kwanga, mkate wetu wa muhogo, mpaka ikang'aa.

"Umekula muzuri," mama akasema. "Lakini Kavira haoni."