Gunia Tulilolikataa

Katika miaka ya kwanza ya ujamaa nilikuwa mchambuaji wa kahawa katika kiwanda kimoja mjini Bukoba. Wanawake tulikaa kwenye mabenchi, meza ndefu mbele yetu, tukitoa punje nyeusi, punje zilizovunjika na vijiwe, ili kahawa safi itiwe kwenye magunia ya kupelekwa ng'ambo. Nilikuwa nimepanga chumba mtaani Nshambya, na vitenge nilivyovaa nilijinunulia mwenyewe.

Baba, huko kijijini Buganguzi, hakupendezwa. Alisema kushinda umekaa unachagulia punje watu usiowajua si kazi, ni kujichosha macho tu, na kibanja cha migomba cha nyumbani kilihitaji mikono. Tulibishana hadi akamgeukia mama yake, ambaye kwa Kihaya alimwita Mawe.

"Mawe, nenda ukaone. Ukisema ni kazi, abaki. Ukisema si kazi, rudi naye."

Kwa mambo ya kahawa bibi hakuwa mtu wa kudanganywa. Mababu zake ndio walioandaa kahawa ya kutafuna ya Mukama, mfalme wetu wa Kihaya, na yeye alirithi kazi hiyo kwa nyanya yake: kuchuma matunda kabla hayajaiva, kuyachemsha na majani yenye harufu nzuri, kuyaanika, kisha kuyachagua moja moja kwenye ungo. Alisimulia hayo kwa majivuno. Mgeni akipewa kahawa ikulu, alijua imetoka ukoo gani.

Alikuja kwa basi, amevaa nguo zake za kanisani. Msimamizi wetu, kijana mpole, alimruhusu akae kando yangu. Bibi akachota kahawa kwenye kiganja, akaitazama ilivyokobolewa, haina hata ganda.

"Mmeivua nguo!"

Meza nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa hii inatafunwaje?"

"Haitafunwi, bibi. Inasagwa, inanywewa."

"Na nani?"

"Wazungu huko kwao."

"Wanakujua?"

"Hapana."

"Wewe unawajua?"

"Hapana, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

Akazirudisha punje mezani polepole. "Basi baba yako hajakosea sana."

Nilijiona tayari niko ndani ya basi la Muleba la kurudi nyumbani, bakuli na blanketi langu mapajani. Maswali yake yote yalikuwa ya haki.

Ndipo gunia jipya likamwagwa mbele yetu. Kabla sijagusa punje, harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi ikanipanda puani. Nikazipekua za chini. Zilikuwa zimefifia rangi, na nyingine zilikuwa na ukungu.

"Ndugu msimamizi, hili limenyeshewa."

Akaja mbio. "Akina mama, meli inapakia leo. Toeni zilizoharibika, nyingine zipite."

"Zote zimeshika harufu."

"Nani atanusa huko ng'ambo?"

"Atakayenusa hatanitaja mimi, wala wewe," nikamwambia. "Atasoma gunia. Limeandikwa Tanzania."

Mwenzangu aliyekaa mbele yangu, mama mmoja mnene mwenye utani mwingi, akaondoa mikono mezani na kuikunja kifuani. "Mwenye haraka na meli aje achambue mwenyewe. Kitenge cha kujifunga tutamwazima."

Vicheko vikazagaa, na mmoja baada ya mwingine wakakunja mikono. Hakuna aliyetupangia. Msimamizi alikasirika, hilo lilionekana usoni. Kisha akainama, akanusa. Akawaita wapagazi walitoe gunia lile, walete jingine.

Jioni, tulipotoka getini, bibi aliniuliza:

"Yule si ndiye mkubwa wenu?"

"Ndiye."

"Na hatawapiga?"

"Atupigie nini, bibi? Ni ndugu kama sisi."

Akatembea kidogo, akasimama. "Kwetu, kahawa ikiwa mbaya, aliyeweza kuikataa ni Mukama peke yake. Sisi tulioiandaa tulipiga magoti tukimtazama mdomo, kama atameza au atatema."

"Hilo hujawahi kunisimulia."

"Mwana wange, nani huwasimulia wajukuu hofu?"

Siku hizi nikiwasikia vijana wa maofisini wakisema kwamba mababu zetu walifanya kazi yenye maana na wao wanasukuma siku tu, huwa siwapingi moja kwa moja. Bibi aliijua kazi yenye jina la ukoo, na aliipenda. Lakini jioni ile ndipo nilipomwona akiipima upya, nami nikatembea kando yake nimeinua shingo.

Asubuhi alipanda basi bila kuniambia uamuzi wake. Nilipomsihi, alisema mjumbe hutoa habari kwa aliyemtuma.

Wiki kadhaa baadaye baba mwenyewe alifika kiwandani, mkungu wa ndizi begani. Mlinzi alimzuia, akamuuliza anamtafuta nani. Sauti yake tuliisikia hadi mezani:

"Wako wapi wanawake wanaokataa magunia? Mmoja wao ni binti yangu."

Wenzangu wakanisukuma kwa viwiko, nikainuka kwenda kumpokea.