Hatua Nane Bila Gitaa

Harufu ya chuma kwenye vidole hunirudisha Katuba, mtaa nilikokulia. Nimezunguka mno, wasomaji wangu: Mokambo, Ndola, Kolwezi, tena Mokambo. Popote niliposhika bomba la lori ili nisianguke, baadaye nilinusa kiganja changu nikamwona baba amekaa uani juu ya kasha la bia, nyuzi za gitaa zikimwachia vidoleni weusi ambao hakuna sabuni iliyouweza.

Siku sita baba alikuwa fundi wa reli. Siku ya saba, baada ya misa, alikuwa okestra nzima. Kidole gumba kilipiga besi, cha shahada kikaimba, mguu ukawa ngoma. Alipiga rumba zilizopendwa redioni, na nyimbo za jazi za Wamarekani alizozisikiliza kwenye santuri za padri mmoja, polepole, mpaka waimbaji na tarumbeta wote wakaenea ndani ya nyuzi sita. Yeye hakuimba hata neno. Majirani waliimba wao, huku wakichambua sombe, majani ya mihogo ya kulia bukari, yaani ugali.

Shida ilikuwa moja. Katika kila wimbo, baada ya ubeti wa pili, baba alinyamaza. Mkono ulilala juu ya nyuzi, mguu tu ukaendelea kugonga ardhi, hatua nane. Kisha akaingia tena kana kwamba hakuna lililotokea.

"Fundi, unasahau tena!" Mama Béa wa nyumba ya pili alipaza sauti. "Ile ingine ulikula na bukari?"

Watu walicheka, na baba naye alicheka. Mimi sikucheka. Shuleni walinigongea dawati mara nane kila nilipokosa jibu.

Nilikuwa na miaka kumi. Komunyo yangu ya kwanza ilikaribia, na mama yangu wa ubatizo alikuwa anawaleta wageni kutoka mjini wamsikie baba. Sikutaka wamcheke. Basi nikajifunza kwa redio ile sehemu iliyokosekana, sehemu ya gitaa la pili. Niliifanya kwa mdomo, ti-ri-ri, kisirisiri nikiosha vyombo, mpaka nikaijua kama Baba Yetu.

Siku ikafika. Gauni jeupe, kuku, jua kali. Baba akaanza rumba aliyoipenda kuliko zote, akamaliza ubeti wa pili, akanyamaza. Nikasimama nikaimba lile gitaa, hatua zote nane, bila kukosea hata moja. Wageni walipiga makofi kabla sijamaliza. Mguu wa baba ukasimama. Akaegemeza gitaa ukutani, akaenda nyuma ya nyumba.

Nilimfuata nikilia, nikidhani atanichapa. Alikuwa ameinama juu ya ndoo, ananawa uso.

"Nani alikufundisha?"

"Redio, papa. Sikupenda bakuchekee. Bote banasema unasahau."

Akanifuta machozi kwa ncha ya shati lake. "Mi sisahau, mama. Ile ni ya Tonton Mbuyi."

Tonton Mbuyi, mjomba wa heshima tu, nilimkumbuka kwa biskuti, maana hakufika kwetu mikono mitupu. Alifanya kazi na baba kwenye reli, na Jumamosi walipiga magitaa yao mawili katika baa ya mjini ambamo watoto hatukuingia. Kisha, miaka ile watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa kwetu na kupanda treni kwenda kwenye ardhi ya babu zao ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, naye akapanda. Ndipo baba alipoanza kupiga peke yake uani.

"Lakini ile sehemu unaijua, papa. Piga tu."

"Mutu iko muzima, unapatia mwingine kiti yake?" alisema. "Siku atarudia, ataikuta."

Tangu hapo sikuona haya tena. Baba aliponyamaza, nilihesabu nane pamoja na mguu wake.

Nilipotimiza miaka kumi na minne, msafiri mmoja alituletea barua kutoka Mbuji-Mayi, huko Kasai. Baba aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Jumapili akakaa juu ya kasha, akaanza rumba ile ile. Ubeti wa pili ukaisha. Nilianza kuhesabu, lakini vidole vyake vikaendelea. Akapiga sehemu yote ya Tonton Mbuyi, ikishuka mwishoni taratibu kwa namna ambayo redio haikuwahi kunifundisha.

"Ah, Fundi! Leo unakumbuka!" Mama Béa akapiga vigelegele, na wote uani wakapiga makofi. Mama yangu alifunika uso kwa kitenge.

Kwa muda mrefu nilidhani siku ile nilimlilia Tonton Mbuyi, mtu ambaye hata sura yake ilikuwa imenitoka. Sasa, baada ya kuacha watu katika miji mingi kuliko barua nilizoandika, najua nilimlilia baba. Utotoni nilimwomba Mungu amkumbushe wimbo ule mzima. Alipoupiga mzima, nilitamani asahau tena.